Vinywaji Alivyovichagua Dada Yangu

Dada yangu Iole alimpa mume wangu figo siku ya Jumapili, kati ya matunda na kahawa. Kupasuliwa kulikuja baadaye, lakini neno lenyewe alilitamka siku hiyo, mezani kwetu, huku akimenya pea.

"Nimekwenda kupimwa," alisema. "Damu inapatana, na vingine vyote vinapatana. Msianze kulia, leo nimepaka wanja."

Mimi nilikuwa nimeshapimwa zamani nikaambiwa sifai. Figo za Ermes zilikuwa zimechoka kabisa. Kila baada ya siku moja nilimpeleka hospitali ya Rovigo, akalala kando ya mashine ya kusafisha damu, na jioni nikamrudisha nyumbani Adria akiwa mweupe kama unga wa ngano. Karakana yake ya baiskeli ilikuwa imefungwa, na watu walikuwa wameacha kuuliza itafunguliwa lini. Naye Iole ni mkubwa wangu, hakuolewa, ana saluni yake karibu na daraja, na tangu niolewe hakuwahi kupatana na mume wangu juu ya kitu chochote kinachomiminika. Jumapili zote za maisha yetu walizimaliza wakigombania chupa. Iole akileta mvinyo mweupe, Ermes atasema ni maji ya kuoshea madirisha. Ermes akifungua mwekundu wa mjomba wake, Iole atauliza kama mjomba bado anakanyaga zabibu na viatu.

Kwa hiyo Ermes aliposikia habari ile aliweka kisu chini, akamtazama.

"Figo ya mtu anayekunywa ule mvinyo wako? Itakuja kwangu imelewa."

"Basi usiitake. Nitampa mbwa wa jirani."

"Mbwa wa jirani ana akili, ataikataa."

Wakacheka wote wawili. Kisha Ermes akainuka, akatoka barazani, tukamsikia akipenga kamasi kwa muda mrefu. Ule ndio ukawa utani wake wa mwisho.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Watu ambao hawajauguza mgonjwa wa figo hawajui kwamba mgonjwa yule huwa hakojoi tena. Ermes alikuwa amesahau kabisa haja ndogo ilivyo. Siku alipoweza kusimama akaenda mwenyewe msalani, mimi nilikuwa nimekaa nje ya mlango, nikasikia anacheka, halafu analia, halafu tena anacheka. Muuguzi aliyekuwa anapita alitabasamu tu, amesikia wengi.

Tangu siku hiyo mume wangu akawa malaika, na mambo yakaanza kuharibika.

Iole akisema kuna joto, Ermes anafungua dirisha. Akisema kuna baridi, analifunga. Jumapili alikuja na mvinyo wake mweupe uleule, na Ermes akaunusa, maana alikuwa bado hajaruhusiwa kunywa, akasema, "Umechagua vizuri, shemeji." Iole akamkodolea macho, akidhani teke linakuja nyuma ya sifa. Halikuja. Kila alipoingia kwetu alipewa kiti chenye mto. Kila alipoondoka alisindikizwa hadi mtaani. Nilimwona dada yangu anaanza kuja kwa kuchelewa na kuondoka mapema.

Mwaka ulipopita, Daktari Zanforlin, aliyekuwa akiwaangalia wote wawili, alisema Iole anaweza kunywa glasi yake moja na chakula kama mtu mwingine yeyote. Ermes aliruhusiwa nusu glasi mara mojamoja, akiwa ameshiba. "Lakini mizizi na majani ya watu wa vijijini, hapana," daktari alimwonya. "Zile dawa zako hazitaki mchezo."

Hapo ndipo Ermes alipomuuliza Iole anataka nini. Alikuwa amemuuliza mara nyingi, na kila mara Iole alimjibu kwamba anataka aache kuuliza. Safari hii alifikiri.

"Nataka kusafiri," alisema. "Nimekata nywele za watu waliokwenda kila mahali. Mimi sijavuka Rimini. Nataka kwenda kuonja vitu huko huko vinakotoka. Kila mahali kinywaji kimoja, na mimi ndiye nitakayechagua."

"Umechagua vizuri, shemeji," akasema Ermes.

Tukaondoka mwishoni mwa Septemba. Niliendesha mimi. Ermes alikaa nyuma ili Iole akae mbele, na dawa zake zikiwa katika kifuko cha kutunza baridi miguuni pake.

Iole ana namna yake ya kuchagua. Hatazami karatasi ya vinywaji, hata akiwekewa mbele ya pua. Anaingia, anasalimia, anasimama kaunta kana kwamba ni jirani, halafu anauliza, "Nyinyi wenyewe mnakunywa nini siku hamna wageni?" Watu kwanza humshangaa. Kisha mmoja hucheka, na hapo kinywaji hutoka, mara nyingi kwenye chupa isiyo na jina. Kazi ya saluni ndiyo iliyomfundisha hivyo. Mtu akishakukabidhi kichwa chake, husema chochote.

Kituo cha kwanza kilikuwa kijiji kimoja kando ya Modena, mchana, katika mkahawa uliojaa madereva wa malori. Iole alipouliza swali lake, mama mwenye mkahawa alimjibu kwa kumwekea mtungi wa mvinyo mwekundu unaotoa povu la zambarau, na sahani ya maandazi ya chumvi yaliyotoka mafutani wakati huohuo, na nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba hadi unaona mwanga upande wa pili.

"Unakunywa ukiwa wa baridi," mama alisema, "na usiutazame sana. Huu si bibi harusi."

Iole alikunywa. Povu likamkaa juu ya mdomo kama sharubu. "Haa! Unakuna koo!" akasema. "Unaosha yale mafuta yote, unabaki na njaa upya. Tosca, kumbe watu wa huku wana akili!"

Mimi nilikuwa nakunywa maji. Nilimwangalia Ermes. Maisha yake yote amesema kwamba mvinyo wenye povu ni maji ya sabuni, na kwamba aliyeubuni alikuwa dobi. Alionja funda moja. Niliona pua yake inajikunja.

"Mzuri sana," alisema. "Umechagua vizuri, shemeji."

Iole alifuta povu mdomoni, akarudi kwenye andazi lake.

Kesho yake tukashuka kwa njia ya bahari hadi mkoa wa Marche, tukapanda kwenye kimji cha kilimani kilichozungushiwa ukuta. Huko wanalima zabibu nyeusi ambayo ikiiva sana ngozi yake hupasuka na kudondosha tone, kwa hiyo mvinyo wake wameuita Chozi. Iole aliingia kwa fundi cherehani, si baa, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na kulikuwa na wazee wawili wamekaa ndani na glasi. Tukaletewa viti. Fundi alitumiminia kutoka kwenye chupa aliyoitoa chini ya meza, katikati ya vitambaa.

Mvinyo ule unanuka waridi. Sisemi kwa kupamba. Unaleta glasi puani na umesimama bustanini, asubuhi, wakati waridi lina umande. Iole alinusa akashusha glasi, akanusa tena. Dada yangu amepumua dawa za kubadilisha nywele tangu akiwa msichana, na siku zote anasema pua yake imekufa. Nilimwona machozi yanamlengalenga.

"Miaka yote hii," alisema taratibu, "kitu hiki kilikuwepo hapa, na mimi nipo kule nakausha vichwa."

"Sasa umefika, bibie," akasema fundi. "Kunywa, kabla hujaanza kujihesabia miaka."

Ermes alipewa nusu glasi yake. Alikunywa, akafumba macho, na nikaona uso wake unafunguka kwelikweli, kama ulivyokuwa ukifunguka zamani. Nikajua kwamba huu ameupenda. Akafumbua mdomo, na nikasubiri. Akasema:

"Asante, shemeji."

Iole aliweka glasi juu ya cherehani. "Asante ya nini? Mimi ndiye niliyeutengeneza? Mshukuru huyu bwana."

"Nakushukuru wewe kwa kuuchagua."

"Haya," alisema Iole. "Haya, Ermes."

Njiani kuelekea kusini Iole hakuongea. Nilimuuliza kama amechoka. Alisema mgongo. Nilimwangalia kwenye kioo mume wangu kule nyuma, amekaa wima kama mtoto aliyeletwa ugenini, mikono magotini, tayari kufungua dirisha. Moyoni nikaona hatari. Nilijua tutarudi Adria na Iole ataanza kupata kazi za Jumapili, wateja wa ghafla, maarusi wasiokwisha, mpaka kiti chake chenye mto kibaki kitupu. Nami ningempoteza dada yangu kwa sababu aliniokolea mume.

Siku iliyofuata tukafika Abruzzo, chini ya mlima Maiella. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima, lakini kijijini kulikuwa na jua, na kila mtu alikuwa ana zabibu: kwenye matela, kwenye ndoo, kwenye vikapu mlangoni. Tukaingia mgahawa wa bwana mmoja aitwaye Concezio, mtu mnene mwenye sauti kubwa na aproni yenye doa la kila kitu alichopika wiki ile. Alikuwa anageuza mishikaki ya kondoo juu ya makaa, vipande vidogovidogo. Meza zilijaa wavunaji waliokuja kula mchana, mikono yao myeusi hadi vifundoni.

Tulikula kwanza. Ermes alipewa yake bila chumvi, na Concezio akauomba msamaha mshikaki wenyewe, si Ermes. Kisha Iole akauliza swali lake.

"Tunakunywa nini wageni wakiondoka?" Concezio akapaza sauti ili wote wasikie. "Mmesikia? Bibie anataka kutuingilia chumbani!"

"Mpe jenziana!" akaita mtu.

"Utamuua!"

"Ana nywele nzuri, hafi!"

Concezio akaleta chupa yenye maji ya rangi ya majani makavu. Jenziana ni kinywaji cha mzizi wa mmea unaoota juu kule mlimani. Wanaulaza ndani ya mvinyo mweupe na sukari hadi utoe roho yake yote, na kila nyumba inaapa kwamba ya kwake ndiyo halisi. Akammiminia Iole kijiglasi. Akammiminia na Ermes. Ermes akainua kiganja kukataa, akaeleza habari ya daktari na mizizi. Concezio akasema haidhuru, akaiacha glasi pale pale mbele yake ili ipambe meza.

Iole akanywa. Mara moja uso wake ukakunjamana wote, jicho moja likafunga, bega likapanda. Ulikuwa uchungu wa mwarobaini. Wavunaji wakagonga meza kwa furaha. Iole akahema, akameza, akangoja, kisha uso ukaanza kukunjuka polepole.

"Subiri..." alisema. "Subirini. Kuna kitu kinakuja nyuma."

"Kinakuja!" akasema Concezio. "Mwacheni! Kinakuja!"

Na ndipo Ermes, kwa sauti yake ile ya kanisani, aliposema, "Mtamu sana. Umechagua vizuri, shemeji."

Iole akageuka. Akatazama glasi ya Ermes iliyojaa hadi ukingoni.

"Hujaonja," alisema.

"Eh?"

"Ermes, hujaonja! Hujagusa hata kwa ulimi! Umesema mtamu, na ni mchungu kama talaka!"

"Nilitaka kusema kwamba..."

"Unataka kusema nini? Sema!" Alikuwa amesimama. Mgahawa ulianza kunyamaza, meza baada ya meza. "Tangu nitoke hospitali sijasikia neno moja la kweli mdomoni mwako. Nikileta mvinyo, mzuri. Nikinyoa mbwa, mzuri. Nikikuletea mkojo wa punda kwenye chupa, utasema umechagua vizuri, shemeji! Mimi nilikuwa na shemeji. Alikuwa mtu mbaya, mbishi, mdomo kama wembe, nami nilikaa Jumatatu hadi Jumamosi nasugua vichwa huku natunga la kumjibu Jumapili. Nilikwenda nikapasuliwa ili asife. Sasa yuko wapi? Mbona amebaki mhudumu wa hoteli?"

Hakuna aliyetafuna.

Ermes alikuwa mwekundu hadi masikioni. Alitazama mikono yake. Nilitaka kuinuka niseme kitu, kama nilivyozoea kuinuka kati yao, lakini kitu kikanikalisha.

"Siwezi, Iole," alisema mwishowe, na alimwita kwa jina. "Nikitaka kukutania, neno linafika hapa," akagusa koo, "halafu nakumbuka. Nitamtukanaje mtu ambaye yumo humu ndani anafanya kazi yangu? Wewe hujui. Kila asubuhi nikienda chooni, nikisikia yale maji yanashuka, nasema asante Iole. Kila siku. Kwa sauti. Muulize Tosca."

Wote wakanigeukia.

"Ni kweli," nilisema. "Mlango hauzuii."

Kutoka meza ya nyuma mtu mmoja akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Kicheko kikaenea chumba kizima. Concezio alijifunika uso kwa aproni. Iole peke yake hakucheka.

"Basi nishukuru huko huko chooni!" alisema. "Ukae huko ushukuru hadi upate baridi ya miguu! Lakini ukija mezani nipe haki yangu. Si wanasema asante ya punda ni mateke? Basi mimi nayataka mateke yangu, Ermes. Nimeyakosa."

Ermes aliisogeza sahani yake kando. Kisha akaichukua glasi iliyokuwa mbele yake, akaileta puani, akavuta pumzi. Akafikiri. Akavuta tena.

"Inanuka," alisema taratibu, "kama soksi ya mchungaji aliyeshuka mlimani kwa miguu."

"Ehee," akasema Iole.

"Soksi ya kushoto."

"Endelea."

"Na ule wa Modena ulikuwa maji ya sabuni. Nilitamani kuvua shati nilifue." Sasa sauti ilikuwa inapanda, ile sauti ya Jumapili. "Na ule mweupe wako unaotuletea nyumbani, dada wa watu, ule sijui niseme nini. Nilipokuwa kwenye ile mashine, nikiwa hoi, nilijifariji kwamba angalau sitaunywa tena!"

Wavunaji walipiga kelele. Iole alikuwa amekaa sasa, viwiko mezani, machozi yanamshuka na wanja unamfuata, na anatabasamu kwa mdomo wote.

"Na ule wa jana?" aliuliza. "Wa waridi?"

Ermes akaacha mzaha. Aliirudisha glasi mezani kwa uangalifu.

"Ule wa waridi ulikuwa mzuri," alisema. "Ule sitautania. Nilipounywa niliona kwamba nimerudi duniani, na ni wewe uliyenirudisha, na sikujua niliseme wapi neno kubwa namna ile, kwa fundi cherehani, mbele ya wazee wa watu."

Iole alinyoosha mkono akamshika sikio, akalivuta kama la mtoto mtundu. Baadaye aliniambia kwamba ile ndiyo asante ya kwanza aliyoipokea kutoka kwake. Nyingine zote zilikuwa hazina uzito, kama noti zilizopigwa chapa nyumbani.

"Sasa basi," Concezio akaingia kati, amefuta macho, "mwanamume achague! Ametukana mzizi wa mama yangu, achague yeye tuone!"

Ermes, bila haya tena, akaomba mvinyo wa pale wa rangi ya cheri, ule usio mwekundu wala mweupe. Ukaja. Iole akachovya ulimi tu, maana glasi yake ya siku alikuwa ameimaliza.

"Huu? Huu ni mwekundu uliokutana na simba njiani," alisema. "Umepauka kwa woga."

"Bibie!" Concezio akapiga kifua. "Unatengenezwa na binamu yangu!"

"Mpe pole binamu yako."

Chumba kikagawanyika pale pale, hawa upande wa Ermes, hawa upande wa Iole, na kila mtu anapiga meza. Nilikuwa nawatazama nikiwa nimeegemea ukuta. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo na bado mabega hayajaamini. Ndipo Iole aliponigeukia.

"Na wewe, mdogo wangu? Wewe unakunywa nini?"

"Mimi naendesha gari."

"Sikukuuliza unaendesha nini."

Ilinijia kwamba tangu Ermes augue hakuna aliyeniuliza swali lile, na mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilijua Ermes anakunywa maji kiasi gani, chumvi kiasi gani, kidonge gani kabla ya chakula na kipi baada. Nilijua Iole anapenda mto upande gani. Mimi napenda nini? Nilitazama kaunta nzima ile, chupa na chupa, na nikaona aibu kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

"Ile," nilisema. Nilikuwa nimeonyesha chupa ya mzizi.

"Gari?" akauliza Ermes.

"Gari litalala hapa," akasema Concezio, "na nyinyi pia. Mke wangu ana vyumba juu."

Nikanywa. Uchungu ule ulinishika ulimi, ukashuka, ukanijaa kifua. Sikukunja uso. Nilingoja kile kitu alichosema Iole kinakuja nyuma, nacho kikaja, kitu kama harufu ya nyasi na utamu wa mbali sana, na pamoja nacho yakaja machozi. Sikuwa nimelia Rovigo, wala hospitalini, wala siku ile nje ya mlango wa msalani. Sasa nililia mbele ya wavunaji wote wa kijiji, kwa kelele, kama mtoto, na hakuna aliyeniambia nyamaza. Iole alinishika upande mmoja. Upande wa pili nikasikia mkono wa Ermes, ule mkono mgumu wa spana.

"Tosca," aliniambia sikioni. "Wewe sijakushukuru hata mara moja. Nilikuwa nadhani wewe ni mimi, na mtu hajishukuru."

Nilimwambia anipishe nipenge kamasi. Lakini neno lile nililichukua, na ninalo hadi leo.

Asubuhi niliamka nikakuta kitanda upande wa Ermes ni kitupu. Nikashtuka, mazoea ya miaka. Iole alikuwa ameshaingia chumbani, amesimama dirishani, amevaa, nywele zimechanwa.

"Yuko kule," alisema.

Tukashuka wote wawili tukafuata njia ya matela hadi shambani. Ukungu ulikuwa bado miguuni mwa mizabibu. Concezio na jamaa zake walikuwa wanakata vishada, na kati yao alikuwa Ermes, kofia ya kuazima kichwani, kisu kidogo mkononi. Kikapu chake kilikuwa na vishada vichache tu. Daktari hataki abebe vizito, kwa hiyo alikuwa anakata na kumpa mtu mwingine, na anaongea bila kupumzika. Alikuwa anamweleza Concezio kwamba mizabibu yake imefungwa vibaya. Concezio alikuwa anamuuliza kama huko Adria wanalima zabibu au vyura.

Tukapewa visu na sisi. Iole akachukua mstari wa pili, mkabala na Ermes, majani katikati.

"Unaacha zilizooza ndani ya kishada," Ermes alisema, haonekani.

"Ndizo zitakazoupa ladha. Uliza mjomba wako."

"Mjomba wangu muache. Marehemu hajibu."

"Akijibu atanuka siki."

Niliwasikia hivyo hadi jua likapanda na ukungu ukaisha. Mikono yetu ikawa myeusi kama ya wenzetu. Mke wa Concezio alileta mkate na nyanya na jibini ya kondoo, tukala tumekaa chini, na nilikula sana. Nilitazama mlima, ambao wingu lilikuwa limeuachia, nikatazama wale wawili, kila mmoja na figo yake moja, wanagombania kipande cha mwisho cha jibini. Nilimshukuru Mungu, na nilimshukuru daktari, na yule muuguzi aliyetabasamu, na Concezio, na hata mzizi ule mchungu, kwa mpangilio uliokuja wenyewe.

Mchana tukaaga. Concezio alitupa chupa mbili na kukataa kusikia neno lolote. Tulipofika chini, pale barabara inapogawanyika, Iole alisema twende kusini zaidi, hadi Puglia, amesikia kuna mvinyo mweusi kule unaotia doa hadi meno. Ermes alisema hapana, twende nyumbani, karakana inamngoja, na meno ya Iole hayahitaji msaada. Wakaanza. Huyu ramani, huyu dawa, huyu baridi inakuja, huyu mzee wewe.

"Tosca, mwambie!" akasema Iole.

"Tosca, mwambie yeye!" akasema Ermes.

Mimi sikumwambia mtu. Sijawahi kuiona Puglia. Niliwasha taa ya kona, nikageuza usukani kuelekea kusini, na nikafungua dirisha la upande wangu.